Simu shuleni: tunaadhibu chombo au mtoto?



Juma lililopita mama mmoja alifika ofisini kwetu hapa Bariadi akitokea Itilima. Alikuwa na bahasha ya kaki mkononi, na ndani yake barua fupi kutoka shuleni. Barua ilisema kwamba binti yake wa kidato cha tatu amesimamishwa masomo mpaka bodi ya shule itakapokaa. Kosa lake ni kukutwa na simu. Simu yenyewe ni ile ndogo tunayoiita kitochi, isiyo na picha wala intaneti. Baba yake alimnunulia kwa sababu nyumbani ni mbali, binti amepangishiwa chumba karibu na shule, na unga unapokwisha hana njia nyingine ya kuwaarifu wazazi.

Mama yule hakuja kumtetea binti yake. Alisema wazi kwamba mtoto amekosa, maana masharti alipewa na akayasaini. Alichotaka kujua ni jambo moja tu. Aliniuliza, "Kaka mtangazaji, hii sheria ya simu imeandikwa wapi, na inasema mtoto akae nyumbani siku ngapi?"

Nilimjibu, "Mayu, siwezi kukujibu sasa hivi. Niache nitafute." Maoni ya juma hili ndiyo jibu lake. Nayaleta mbele yenu nyote kwa sababu naamini wazazi wanaojiuliza swali hilo katika mkoa wetu wa Simiyu si mmoja wala wawili.

Kwanza tukumbushane kwamba simu si chombo cha kwanza kukatazwa shuleni. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni huku Kanda ya Ziwa. Wakati huo simu ya mkononi tulikuwa tukiisikia tu. Chombo kilichokatazwa bwenini kilikuwa redio. Mimi nilikuwa nayo moja ndogo ya betri mbili, niliyoificha ndani ya sanduku, chini ya shuka.

Tarehe 21 Mei mwaka ule meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Katika bweni letu walikuwamo vijana wa Kagera ambao hawakujua ni nani wa kwao aliyepanda meli ile. Hapakuwa na simu ya kupiga. Usiku ule niliitoa redio, tukazima taa na kukusanyika kitandani kwangu kusubiri taarifa ya habari ya saa mbili kutoka Redio Tanzania. Mwalimu wa zamu akatukuta. Tulidhani tumekwisha. Badala yake alikaa ukingoni mwa kitanda, akasikiliza pamoja nasi mpaka taarifa ilipomalizika. Kisha akanyosha mkono, akaichukua redio, akaandika katika kitabu chake jina langu, tarehe na aina ya redio. Muhula ulipofungwa alimkabidhi baba yangu, na baba akatia saini.

Nilichapwa? Ndiyo, nilichapwa, tena na baba yangu nyumbani. Lakini sikukosa kipindi hata kimoja. Nawaombeni mkishike kisa hiki, maana nitakirudia.

Ajabu ni kwamba redio hiyo hiyo iliyokatazwa bwenini, serikali yenyewe ilikuwa imeitumia kama mwalimu. Mwaka 1973 taifa zima lilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, redio ikiwa katikati na kitabu mkononi, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria na kuhara. Miaka miwili baadaye ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Redio Tanzania pia ilikuwa na vipindi vya shule, na mwalimu alikuwa akiiweka redio juu ya meza ili darasa zima lisikilize. Kwa hiyo kilichotofautisha redio ya darasani na redio ya bwenini kilikuwa saa ya kuitumia na mtu anayeiongoza.

Sasa tuje kwenye simu. Simu za mkononi ziliingia nchini mwaka 1994 kwa kampuni ya Mobitel, na wakati huo zilikuwa za wakubwa na wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Mwaka 2000 laini zote za simu za mkononi nchini zilikuwa hazijafika 300,000. Mwisho wa mwaka 2024 zilikuwa zimepita milioni 80. Katika kipindi hicho hicho Bariadi, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, ikawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Minara ikasimama vilimani, mkulima wa pamba akaanza kuuliza bei na kupokea fedha kwa simu, na mtoto wake akajifunza kuitumia kabla ya kujifunza kuandika barua.

Je, sheria ilikimbia sawa na simu? Hapana. Sheria ya Elimu tuliyonayo ni Namba 25 ya mwaka 1978. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, lakini ilizaliwa wakati simu ilikuwa kitu cha posta na ofisi ya mkuu wa wilaya. Kanuni za kufukuza na kusimamisha wanafunzi ni za mwaka 2002. Hizo zinataja utovu wa nidhamu wa makusudi na wa kurudiarudia, wa kiwango cha kuhatarisha nidhamu ya shule au jina lake jema. Zinataja pia makosa ya jinai kama wizi, kuharibu mali na dawa za kulevya, na makosa dhidi ya maadili. Simu haikutajwa humo kwa jina.

Basi mama yetu wa Itilima aitafute wapi? Aitafute katika fomu ya kujiunga na shule, ile anayopewa mzazi pamoja na orodha ya ndoo, jembe na madaftari. Katika fomu za shule nyingi za sekondari za serikali kuna orodha ya makosa yanayoweza kumfanya mwanafunzi asimamishwe au afukuzwe. Humo utakuta wizi, ulevi, uvutaji wa bangi, kupigana, kuharibu mali ya umma na kuchochea migomo. Na humo humo utakuta kumiliki, kukutwa au kutumia simu ya mkononi ndani ya shule.

Angalieni maneno hayo matatu: kumiliki, kukutwa, kutumia. Aliyeipiga simu katikati ya kipindi cha hesabu, na yule ambaye kitochi chake kimezimwa na kimefungwa ndani ya sanduku, wote wamewekwa kapu moja. Na kapu hilo ndilo lenye mvuta bangi na mwizi.

Sisemi kwamba walimu wamekosea kukataza. La hasha! Mwalimu mwenye wanafunzi 70 katika chumba kimoja anapigania dakika 40 za kipindi chake kama mkulima anavyopigania mvua ya kwanza. Simu inakula dakika hizo. Inaleta picha chafu, inaleta watu wazima wasiojulikana wanaowatongoza mabinti usiku wa manane, inaleta wivu kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Baraza la Mitihani nalo linakataza mtahiniwa kuingia na simu katika chumba cha mtihani, na anayekutwa nayo anahatarisha matokeo yake yote. Anayedhani katazo hili ni ukorofi wa walimu akae darasani siku moja.

Lakini sisi watu wa Usukuma tuna historia inayotufundisha jambo kuhusu kanuni nzuri zinazotungwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa mifugo na ujambazi ulipozidi, wananchi wa huku kwetu hawakusubiri Bunge. Waliunda Sungusungu. Kila kijiji kikawa na viongozi wake, filimbi, mishale na faini. Wizi ukapungua, na serikali ikaona faida yake. Hata hivyo palikuwa na upande wa pili. Wapo waliopigwa bila kusikilizwa, wapo waliotozwa faini zilizowafilisi, na wapo waliotengwa na majirani kwa tuhuma tu. Ilibidi mwaka 1989 sheria ibadilishwe ili Sungusungu wapewe nafasi inayotambulika kisheria.

Naiona simu shuleni katika kioo hicho hicho. Walioweka katazo waliona wizi wa kweli, wizi wa muda wa kujifunza. Wakatunga kanuni kwa haraka, na wana haki. Kilichobaki nyuma ni utaratibu. Simu ikishachukuliwa iandikwe wapi? Irudishwe kwa nani, na lini? Kosa la kwanza adhabu yake nini, na la tatu je? Utaratibu usipoandikwa, kila mmoja anatoa adhabu kwa kadiri ya hasira yake. Ndiyo maana tumesikia shule zinazovunja simu kwa nyundo mbele ya mstari wa asubuhi, nyingine zinazozitumbukiza katika ndoo ya maji, na nyingine zinazomrudisha mtoto nyumbani bila kumwambia tarehe ya kurudi.

Hasira hiyo ilifika mbali mwezi Oktoba 2019. Katika Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, mabweni yalichomwa moto, na wanafunzi walikuwa wakituhumiwa kuwa na simu kinyume cha kanuni. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Bwana Albert Chalamila, alifika na kuwachapa viboko hadharani wanafunzi 14. Rais wa wakati huo, Hayati John Magufuli, alimpongeza hadharani. Wazazi wengi walishangilia, nami nakiri kwamba nilizielewa hisia zao, maana bweni likiungua mtoto anaweza kufa.

Lakini turudi kwenye maandishi. Kanuni za adhabu ya viboko zinasema anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu wa shule amemruhusu kwa maandishi. Viboko visizidi 4. Adhabu iandikwe katika kitabu. Mkuu wa mkoa hayumo katika kanuni hizo. Siku ile watoto walioshitakiwa kwa kuvunja kanuni waliadhibiwa kwa namna ambayo kanuni haikuitaja. Mtoto anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba kanuni ni ya mdogo, na mkubwa ana fimbo.

Wala tusisahau kwamba simu hiyo hiyo imewahi kuwa shahidi wa mnyonge. Oktoba 2016, Mbeya huko huko, picha za video zilizopigwa kwa simu zilisambaa nchi nzima zikionyesha walimu waliokuwa katika mafunzo ya vitendo wakimpiga mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya ngumi na mateke ndani ya ofisi ya walimu. Serikali ilichukua hatua kwa sababu taifa zima liliona. Bila simu, mtoto yule angebaki na majeraha yake na neno lake dhidi ya neno la walimu.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 17 Machi serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na shule zote zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni. Katika miezi ile zaidi ya mitatu tuliwaambia watoto wasome kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao. Mtoto wa mjini mwenye simu ya mzazi alipokea maswali na majibu. Mtoto wa Meatu au wa kando ya mbuga kule Itilima alichunga ng'ombe. Chombo tulichokuwa tumekiweka kapu moja na bangi, ghafla tukakiita mwalimu.

Wenzetu duniani wamefanya nini? Jiji la New York lilikataza simu shuleni, na kuanzia mwaka 2006 likalisimamia katazo hilo kwa ukali. Kikazuka kituko. Nje ya shule zenye mashine za upekuzi yakasimama magari ya wafanyabiashara, na mwanafunzi akawa analipa dola 1 kwa siku ahifadhiwe simu yake. Mtoto maskini akawa analipa kodi ya katazo. Mwaka 2015 jiji likaliondoa, na mwaka 2025 jimbo la New York likarudi na sheria mpya inayokataza simu tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, lakini ikizitaka shule ziwe na mahali pa kuzihifadhi na njia ya mzazi kumpata mtoto wake.

Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kukataza simu katika shule za awali, za msingi na za sekondari ya chini. Mtumishi wa shule anaruhusiwa kuichukua simu, na kanuni za shule zinatakiwa zieleze namna ya kuirudisha. Brazili ilitia saini sheria ya namna hiyo Januari 2025, ikiacha nafasi kwa mwanafunzi mwenye ulemavu au mgonjwa, na kwa somo ambalo mwalimu mwenyewe ameruhusu simu itumike. Shirika la UNESCO lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba nchi zilizokataza simu shuleni hazikufika robo ya nchi zote duniani. Tangu hapo idadi imekuwa ikipanda kila mwaka.

Mnaona basi, ndugu zangu? Katika kukataza hatukuachwa nyuma. Wakubwa wa dunia wanafanya leo kile ambacho mwalimu wa sekondari ya kata alikifanya zamani kwa kalamu na fomu. Tulichoachwa nyuma ni namna ya kukataza. Sheria zao zinashughulika na chombo na saa: kiwekwe wapi, kichukuliwe na nani, kirudishwe lini. Fomu zetu zinashughulika na mtoto: abaki au aondoke.

Na mtoto wa Simiyu akiondoka, haondoki kwenda kupumzika. Mkoa huu umehangaika na elimu. Wakati Bwana Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa, kuanzia 2016 hadi 2021, tuliona kambi za kitaaluma ambapo wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa wakafundishwa, na wazazi wakachangia chakula. Tulifanya hivyo kwa kuwa tulijua thamani ya majuma machache ya kukaa na mwalimu. Iweje basi tuyatupe majuma hayo hayo kwa sababu ya kitochi? Binti wa kidato cha tatu akikaa nyumbani miezi miwili, msimu wa pamba utampa kazi, na wachumba hawatakosa kubisha hodi.

Novemba 2021 serikali ilitoa Waraka wa Elimu unaowaruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, pamoja na waliopata ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Ulikuwa uamuzi mkubwa, maana kwa miaka mingi mlango ule ulikuwa umefungwa kabisa. Sasa nauliza: nchi iliyoweza kumfungulia mlango mama mzazi arudi darasani, inashindwaje kumwekea tarehe ya kurudi binti aliyekutwa na simu?

Rai yangu ni ndogo, wala haihitaji fedha. Katazo libaki. Lakini kila shule iandike kurasa moja tu ya utaratibu na kuisoma mbele ya wazazi. Simu ikikutwa, iandikwe kitabuni na izimwe mbele ya mwenyewe. Kosa la kwanza, mzazi aitwe na aichukue kwa saini muhula ukifungwa. Kumsimamisha mtoto kubaki kwa anayerudia kwa ukaidi au aliyeitumia kwa uhalifu, tena kwa siku zinazohesabika. Shule iwe na simu yake moja ofisini, ya mwalimu mlezi, ili mtoto aliyepanga mbali na kwao aweze kusema unga umekwisha. Na walimu nao, kwa heshima zote, waziache za kwao ofisini wakati wa kipindi. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na darasa huanza kuoza mbele, ubaoni.

Yule mama alirudi jana kuchukua jibu. Nilimwambia aende shuleni kwa adabu, asigombe na mtu, aulize mambo matatu: kosa limeandikwa wapi, bodi inakaa lini, na binti anarudi tarehe ngapi. Alinitazama akasema, "Hilo la tatu ndilo ninalolitaka. Hayo mawili nitauliza kwa ajili ya wengine."

Mwalimu wangu wa zamu wa mwaka 1996 hakuwa na sheria ya Ufaransa wala ripoti ya UNESCO. Alikuwa na kitabu cha mistari na kalamu. Aliichukua redio, akaniacha mimi darasani. Leo naongea nanyi kwa redio kwa sababu usiku ule alijua kutenganisha chombo na mtoto.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.